Wasomaji Wauliza: Ukoo wa Duke na Chuo Kikuu Chao

Swali: Nimesikia kwamba tajiri wa tumbaku James Duke alivifuata vyuo maarufu vya Marekani akitaka vichukue jina lake, vikamkatalia, ndipo akajenga cha kwake. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Si kweli, ingawa uvumi huo umeenea mno. Chuo kilikuwapo tayari. Kiliitwa Trinity, mali ya Wamethodisti, na kilihamia Durham, North Carolina, mwaka 1892 baada ya baba yake James, mzee Washington Duke, kutoa dola 85,000. Mwaka 1896 mzee akaongeza 100,000 kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Jina la Duke lilipendekezwa na mkuu wa chuo, William Preston Few, kwa kuwa vyuo vilivyoitwa Trinity vilikuwa vingi. James aliridhia liwe kumbukumbu ya baba yake na familia.

Swali: Hivi sigara tu zilileta mali yote hiyo?
*Msomaji, Tabora*

Jibu: Zilianza sigara, ukafuata umeme. Msokotaji hodari wa mkono alimaliza kama sigara nne kwa dakika. Mashine ya James Bonsack ilitoa kama 200. Ilitandaza tumbaku juu ya utepe mrefu wa karatasi, ikaukunja kuwa mrija, ikaugundisha, kisha kisu kikaukata vipande. Shida yake ni kwamba ilikwama kila mara, na watengenezaji wengine walihofu wavutaji wangezikataa sigara za mashine. Akina Duke waliisimika kiwandani mwao mwaka 1884, mafundi wao wakairekebisha hadi ikatulia, nao wakapata masharti nafuu ya kuitumia kuliko washindani wao. Mwaka 1890 kampuni tano ziliungana kuwa American Tobacco, James akiwa kinara. Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja mwaka 1911 kwa kuhodhi soko, lakini kufikia hapo ukoo ulikuwa umeshaingiza fedha katika umeme wa maji wa mto Catawba, huko Carolina.

Swali: Kamati yetu inaandaa wakfu wa shule. Wakfu wa Duke umedumu vipi?
*Katibu wa kamati, Tanga*

Jibu: Someni hati yake ya tarehe 11 Desemba 1924, iliyoanza na dola milioni 40. James hakuandika "fedha zisaidie elimu" akaishia hapo. Isipokuwa hadi milioni 6 za kukianzishia chuo kikuu, mtaji haukuguswa, kilichogawanywa ni mapato. Katika kila dola 100 za mapato, 20 zilirudishwa kwenye mtaji, mpaka nyongeza hiyo ifikie milioni 40. Zile 80 zikagawanywa hivi: chuo kikuu 25.60, hospitali 25.60, makanisa ya Kimethodisti ya vijijini na wachungaji wastaafu 9.60, yatima 8, vyuo vya Davidson na Furman 4 kila kimoja, na Johnson C. Smith, chuo cha Weusi, 3.20. Hospitali zilipimiwa kwa kazi: hadi dola moja kwa siku kwa kila kitanda cha mgonjwa asiyelipa.

Kuna mambo mawili ya kuiga. Wadhamini waliruhusiwa kukizuilia chuo fungu lake kikiendeshwa kinyume cha makusudio. Pia waliagizwa kuisoma hati yenyewe angalau mara moja kwa mwaka, ili mdhamini mpya asiongozwe na mazoea.

Moja msiliige. Hisa za kampuni ya umeme ya ukoo, zilizomo katika wakfu, hazikuweza kuuzwa bila kura ya wadhamini wote, na sababu ziandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Sharti la namna hiyo linaacha mali karibu yote katika kampuni moja. Ikiyumba, yatima na wagonjwa wanayumba nayo. Wekeni theluthi mbili ya kura, na mtaje kikomo cha mali inayoruhusiwa kuwa mahali pamoja.

Swali: Nani alisanifu majengo yale ya mawe?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Julian Abele, Mmarekani Mweusi wa Philadelphia, msanifu mkuu katika ofisi ya Horace Trumbauer. Kanisa la chuo, lenye mnara wa mita 64 hivi, ni lake. Ndani yake wamezikwa Washington na wanawe Benjamin na James. Inauma kwamba chuo hicho hakikupokea Weusi katika shahada ya kwanza hadi 1963, Abele akiwa amefariki tangu 1950. Uwanja mkuu ulipewa jina lake mwaka 2016.

Swali: Ndicho Duke hicho kinachotajwa katika hospitali ya KCMC, Moshi?
*Msomaji, Same*

Jibu: Ndicho. Ushirikiano wao ni wa miaka mingi, katika utafiti wa magonjwa na mafunzo ya madaktari.