Kabla Hujapiga Windows, Soma Mstari wa Chini

Juzi usiku nikiwa najiandaa kulala, kijana mmoja wa Mbeya kanitumia ujumbe. Naunukuu kama ulivyo, jina tu nimelitoa: "Shikamoo kaka. AutoCAD yangu nikibonyeza Open haileti dirisha la mafaili. Save As nayo vilevile. Fundi kasema ni kirusi, nimpelekee kesho apige Windows, elfu thelathini. Kuna ramani ya mteja humo, natakiwa kukabidhi Ijumaa. Unanishaurije?"

Usingizi ukaruka. AutoCAD ni programu ya kuchorea ramani za nyumba, na swali lenyewe si gumu, jibu lake ni neno moja na tarakimu moja. Uliruka kwa sababu kijana yule ni mimi wa mwaka 2014, na mimi sikuwa na kaka wa kumwandikia usiku.

Nikamjibu: "Usimpelekee mtu laptopu. Andika FILEDIA, gonga Enter, andika 1, gonga Enter." Dakika mbili hazikuisha: "Kaka imekubali!!!" pamoja na vile viganja vilivyounganishwa, vingi mno. Nikazima simu, lakini hadi saa nane nilikuwa bado naangalia dari. Basi leo acha niseme.

Mwaka ule nilikuwa nachora ramani katika ofisi ndogo Sinza, ghorofa ya kwanza, chini yetu duka la mabati. Tulikuwa wanne na jenereta moja lililokuwa na tabia ya kuzima saa ya kuprinti. Nilijiona nimefika. Amri zote nilizijua kwa kifupi, mkono wa kushoto ulikuwa unatembea kwenye kibodi kama wa mpiga kinanda. Ule mstari wa amri unaokaa chini ya skrini nilikuwa nimeufunga kabisa ili nipate nafasi ya kuchorea. Niliuona ni wa wanafunzi. Likumbuke hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, anajenga Kigamboni kwa kiinua mgongo chake. Nyumba ya kawaida: vyumba vitatu, sebule, koridoo katikati.

Wiki ya kukabidhi, mwenzangu mmoja akanipa flashi yenye kiprogramu cha LISP (lugha ya kuiandikia AutoCAD amri zijiendeshe zenyewe) cha kuhifadhi michoro mingi kwa mkupuo. Viprogramu vya namna hiyo huanza kwa kuzima madirisha ya mafaili, yaani FILEDIA inakuwa 0, ili visisimamishwe kila faili. Vikimaliza vinairudisha 1. Mimi niliona kinachelewa, nikabonyeza Esc katikati. Kikafa kabla hakijarudisha. Na FILEDIA haikai ndani ya mchoro, inakaa kwenye mipangilio ya kompyuta yako, kwa hiyo zima washa mpaka kesho, utaikuta palepale. Hata ukiifuta programu na kuiweka upya bila kufuta mipangilio ya zamani, huenda ukaikuta vilevile.

Nikabonyeza Open. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya.

Kumbe haikuwa kimya. Programu ilikuwa inaniuliza, kwa adabu zake zote, niandike jina la faili ninalotaka. Ilikuwa inaniuliza kwenye mstari ule niliouficha. Ningebonyeza Ctrl na 9 ningeuona. Ningeandika alama hii tu, ~, nikagonga Enter, dirisha lingefunguka bila maneno. Mimi nikafungasha laptopu nikapanda daladala ya Kariakoo.

Fundi simlaumu sana. Namlaumu kidogo. Aliniuliza, "Vitu vyako viko D?" Nikasema ndiyo, na kweli vingi vilikuwa D. Ramani ya yule mama ilikuwa Desktop, na Desktop iko C, sehemu ya diski inayofutwa Windows ikipigwa upya. Faili la .bak, ambalo ukilibadilisha mwisho likawa .dwg linafunguka kama kawaida, hukaa palepale pembeni ya mchoro. Na lile la .sv$, ambalo programu hulihifadhi yenyewe kila dakika 10 kama hujabadilisha, linakaa kwenye folda ya Temp, nayo ni C hiyohiyo. Mchoro, akiba yake, na akiba ya akiba, vyote nyumba moja. Jioni nilirudishiwa laptopu safi, inanukia kama imetoka dukani.

Bosi hakunigombeza. Alisimama katikati ya ofisi akasema, "Mimi nilidhani nimeajiri mchoraji." Kisha akaenda kula. Miaka imepita, nimefungua ofisi yangu, nina vijana watatu, na bado sentensi ile naisikia nikiwa nanyoa ndevu. (Mwaka jana alinipigia kuniomba nimsaidie faili lililokataa kufunguka. Nilimsaidia, amri ya RECOVER, dakika tano. Sikumkumbusha kitu. Lakini nilitamani.)

Nikabaki na karatasi. Tulikuwa tumeshaprinti seti ya kwanza, na msingi ulishapandishwa kwa seti hiyo. Ndiyo, kibali kilikuwa bado kinafuatiliwa, usinihukumu. Nikakaa usiku kucha kuichora nyumba upya kutoka kwenye karatasi, nikisoma vipimo kimoja kimoja. Saa tisa usiku nikajumlisha. Ukuta wa nje unasema mita 10.80. Vyumba, koridoo na unene wa kuta vikijumlishwa vinatoka mita 10.95.

Hapa ndipo penye aibu yangu hasa, na sijawahi kumwambia mtu.

Wiki mbili nyuma yule mama aliomba chumba chake kiongezwe, kutoka milimita 3450 kiwe 3600. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kusogeza ukuta ni kusogeza mlango, dirisha, paa, sekisheni, sura za mbele na nyuma. Nikabofya kile kipimo mara mbili, nikafuta namba, nikaandika 3600 kwa mkono. Mstari ulibaki pale ulipokuwa, namba tu ndiyo iliyobadilika. Nikasema Jumatatu nitarekebisha. Jumatatu ilikuja na kazi nyingine.

Fundi wa ujenzi yeye hajui AutoCAD. Kaona chumba 3600, kampa mama chumba chake 3600. Kaona ukuta wa nje 10.80, kaweka 10.80. Zile milimita 150 akazitoa mahali ambapo hapana mtu wa kulalamika, koridoo. Badala ya 1200 ikawa 1050, na plasta ikala sehemu yake. Yule mama alikuwa na kabati la mninga la milango mitatu, la zawadi ya kustaafu. Halikupinda kona ya koridoo. Mara ya mwisho nilipopita lilikuwa barazani, limefunikwa turubai.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri wa kwanza ni upi, ni huo: usiandike kipimo kwa mkono. Kama umerithi mchoro wa mtu, bofya kipimo, fungua Properties, tazama sehemu ya Text override. Ikiwa na namba, kuna mtu alichoka Ijumaa jioni. Futa, au andika <> mahali pa namba, kipimo cha kweli kitarudi. Wenye Express Tools, zile zana za nyongeza za AutoCAD, wana DIMREASSOC, inazirudisha zote ulizochagua kwa pamoja.

Mengine mnayoniuliza kila wiki nitayapitia haraka. Ukichagua kitu cha pili cha kwanza kinajiachia: PICKADD, weka 2. Maandishi yamegeuka alama za kuuliza: huna fonti aliyotumia mwenzako, mwombe akutumie mchoro kwa ETRANSMIT, unakuja na mizigo yake yote. Umeingiza bloku (kichoro kilichohifadhiwa cha kutumia tena) ya mlango ikatokea mlango mkubwa kuliko kiwanja: angalia INSUNITS, yaani kizio cha mchoro, kwenye michoro yote miwili, 1 ni inchi, 4 ni milimita, 6 ni mita. Ikiwa kubwa mara 25.4, ni inchi imeingia kwenye milimita. Ukiprinti steshenari, ondoa alama kwenye Fit to paper, na umsimamie yule dada mpaka karatasi itoke. Karatasi ya A1 ikibanwa kwenye A3, 1:100 yako imekuwa 1:200, na fundi mwenye rula ya skeli hatakupigia simu kuuliza.

Ila la hachi, ile michirizi ya kujazia eneo kwenye mchoro, nitakaa nalo, kwa sababu hili limewafanya watu wazima walie. Mpima ardhi anakupa namba za mahali zilipo bikoni za kiwanja. Kwa Dar es Salaam ni UTM (mfumo wa kutaja mahali kwenye ramani kwa mita) kanda ya 37 kusini, kwa hiyo unapata namba kama 530,000 mashariki na 9,248,000 kaskazini, kwa mita. Wewe unachora kwa milimita, unazidisha kwa elfu. Sasa nyumba yako iko umbali wa milimita bilioni 9 na ushee kutoka sifuri. Duara linaonekana lina kona, mistari inatetemeka ukikuza, na hachi inakataa, au inajaa nje ya chumba. Unalaumu laptopu, unanunua ramu. Ramu haihusiki. Programu inaweka namba kwa takribani tarakimu 15 tu, na ukizimaliza upande wa kushoto wa nukta, hesabu ndogondogo za hachi hazina pa kusimama. Acha mchoro wa mpima kwenye faili lake, kwa mita, usiuguse. Chora nyumba yako karibu na 0,0 kwenye faili lingine. Kisha kwenye faili la kiwanja iite nyumba kama XREF, yaani faili linaloonekana ndani ya jingine huku likibaki faili lake, uikalishe kwenye bikoni yake kwa skeli ya 0.001. Mchoro wa mpima ukiuhamisha wenyewe ukaenda nao site, ukuta wako utaangukia kwa jirani, na jirani ana hati.

Lakini wenzangu, tuambiane ukweli. Robo tatu ya matatizo mnayonitumia, jibu lilikuwa limeandikwa tayari chini ya skrini yenu. Hamsomi. Bonyeza F2 uone historia nzima ya ulichofanya na ulichojibiwa. Mtu anakosea saa nne, saa tano yuko kwa fundi, saa sita kompyuta imefutwa pamoja na ushahidi wa kosa lake, na wiki ijayo analirudia lilelile. Tunawalipa watu watufutie somo. Mnataka tenda, mnataka ofisi yenye kiyoyozi, mnataka kuitwa wataalamu, lakini sentensi moja ya chini ni ndefu kwenu! Mimi niliificha sentensi hiyo kwa makusudi, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nikiwa naandika haya, kijana wa Mbeya kapiga. Kanishukuru sana, fundi kampotezea, hela yake iko mfukoni, ramani inaprintiwa. Kisha akasita kidogo.

"Kaka, samahani, kuna vipimo viwili vitatu mteja alibadilisha jana, nikaviandika tu kwa mkono maana muda ulikuwa umebana. Hiyo haina shida, sindiyo?"

Nikamuuliza msingi unachimbwa lini.

"Jumatatu."

Nikamwambia asikate simu, afungue laptopu.