Shangazi, wamesema bibi yangu nimemfanya kinyago

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 21, nakaa kwenye kibanda cha wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Mbagala. Wateja wakipungua nachora kwa penseli. Nilianza mwaka jana, sijafundishwa na mtu. Mwezi uliopita nilimchora bibi yangu kutoka kwenye picha ya simu, nikaposti. Wamenicheka mno. Mmoja kaandika 'huyu ni bibi au kinyago cha Mwenge?', basi wote wakalidandia hilo neno. Kaka yangu akauchukua mchoro akautupia kwenye kundi la familia na emoji za kucheka. Mama akasema bora nitafute kitu cha maana. Mchoro huohuo nilikuwa nimeutuma kwenye maonyesho ya wasanii chipukizi, na wao wakanijibu mistari miwili kwamba hawakuuchagua. Kuna mkaka kaniandikia inboksi anasema niende kwake atanifundisha. Nataka kufuta akaunti, penseli nimgawie mdogo wangu wa shule. Nimekuambatanishia mchoro na komenti zote. Niambie ukweli: nina kipaji au najisumbua? Mwenye Penseli, Mbagala."

Marahaba mwanangu. Pole sana. Ile methali ya koleo na uhunzi sikuambii, najua umeshaambiwa na kila aliyekuona umenuna. Mimi nimechukua rula.

Nimeuchapisha mchoro wako kwenye karatasi ya A4 nikaulaza mezani. Kutoka juu ya kilemba cha bibi mpaka kidevuni ni sentimita 18. Kutoka juu ya kilemba mpaka kwenye macho ni sentimita 6. Sasa chukua picha yoyote ya mtu anayetazama mbele, kichwa wazi, upime kutoka utosini mpaka kidevuni. Utakuta macho yapo katikati, au karibu kabisa na katikati. Bibi yako hata bila kilemba alistahili macho kwenye sentimita 9. Na kwa kuwa kafunga kilemba, na kitambaa kinaongeza kimo juu ya kichwa, yalitakiwa yashuke zaidi ya hapo. Wewe umeyapandisha. Karibu kila anayeanza hukosea hapohapo, maana tukimtazama mtu tunashughulika na macho, pua na mdomo. Paji la uso na utosi hatuna habari navyo, tunavipunja.

Kwa hiyo yule aliyeandika "macho yamepanda, yanatafuta pa kutokea" alikuwa na kejeli, lakini kasema kweli.

Ngoja nikusimulie kidogo. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa najifunza ushonaji kwenye kibaraza kimoja Ilala. Siku ya kuamkia Idi mteja alinirudishia gauni mbele za watu, akalitupa juu ya cherehani. "Hili umemshonea nani, nyoka?" Nililia nyuma ya mapazia ya kujaribia nguo. Fundi wangu, mzee mmoja mkimya, hakunibembeleza. Aligeuza gauni ndani nje, akanishika kidole akakipitisha kwenye mshono wa bega. Mkono wa kulia nilikuwa nimeuunga kushoto na wa kushoto kulia, ndiyo maana gauni lilikuwa linavuta kifuani. Mteja yule alikuwa na mdomo mchafu, na haki alikuwa nayo. Vyote viwili kwa pamoja. Ilinichukua miaka kukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa navyo.

Na hapo ndipo ulipokwama wewe, maana umezisoma komenti zako zote kama kauli moja. Mimi nimezihesabu. Ziko 41. Kumi na tisa ni emoji tupu za kucheka. Kumi na moja ni kinyago, kinyago, na za jamii hiyo. Nane ni "hongera", "unaweza", "apewe maua yake". Zinabaki tatu zinazozungumzia mchoro wenyewe: hiyo ya macho, moja inayosema shingo haijaungana na mabega, na moja inayosema mikunjo ya uso umeichora kama mistari ya daftari. Hizo tatu ziandike kwenye kauntabuku lako. Zilizobaki ni kelele za kituo cha daladala, na hapo naziweka hata zile nane tamu. Najua zilikufariji, lakini niambie, "hongera" imekufundisha nini kuhusu shingo? Anayekusifu bila kutazama na anayekuponda bila kutazama wote wamepita tu njia.

Hata hilo neno kinyago, ukilala na hasira usiku mmoja kisha ukalirudia, lina mbegu ndani yake. Kwanza si tusi kama walivyodhani. Nenda pale Mwenge uwaangalie Wamakonde wanavyoutoa uso kwenye gogo la mpingo, utatamani uambiwe hivyo kila siku. Ila umeshawahi kuona mkunjo wa kinyago? Ni mfereji, umekatwa kwa patasi, una kingo mbili kali. Ndivyo ulivyomfanya bibi mashavuni. Ngozi ya mzee haina kingo, mkunjo wake ni kibonde, upande mmoja unakula mwanga na upande wa pili unafifia polepole. Usiubane mstari. Laza penseli, tumia laini kama 4B kwa wepesi, weka kivuli upande mmoja, wa pili uache karatasi ipumue. Naona kila mahali umetumia HB ya shule tena kwa kukandamiza, na karatasi imeng'aa.

Kung'aa huko ndiko kulikokuponza pia kwenye maonyesho, nadhani. Picha uliyowatumia umeipiga usiku chini ya taa, mchoro umekuwa wa njano na kivuli cha simu kimekaa juu ya bega la bibi. Mchoro wa penseli upige asubuhi karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Halafu umesema uliwatumia kazi moja. Mchaguzi akiona kazi moja hajui kama ni mkono wako au ni bahati yako. Na wale kukataa mchoro si kukukataa wewe. Ukuta una urefu wake na maonyesho yana mada yake, na mistari miwili ndiyo barua wanayopata wengi. Imeandikwa "hatukuuchagua". Hilo "huna kipaji" umelisoma mwenyewe katikati ya mistari.

Kuhusu kaka: mwambie ana kwa ana, siyo kwenye kundi. "Kaka, ile kazi yangu uliipeleka kuchekwa, iondoe." Maneno machache, usilie mbele yake. Akiwa kaka mzuri ataona haya, akiwa mkaidi angalau hatarudia kwa kudhani ulifurahi. Mama mwache. Mama anaogopa njaa, hana ugomvi na penseli, na kibanda chako kinafungua kila asubuhi.

Huyo mkaka wa inboksi usiende kwake. Sina maelezo marefu hapo. Anayetaka kukufundisha kuchora atakufundisha kwenye mwanga na watu wakiwepo.

Na watu wapo. Hili ndilo ninalokuona umelikosa kuliko kipaji. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi zake za mafuta kwenye vipande vya hadibodi hapahapa Dar mwaka 1968 hivi, bila kupita chuo chochote cha sanaa, na mwaka 1972 alikuwa ameshafariki. Miaka minne tu. Mtindo haukufa naye kwa sababu alikuwa amekaa na ndugu na vijana waliojifunza pembeni yake. Mpaka leo nenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, utawakuta wachoraji wamekaa bega kwa bega, huyu anaona twiga wa yule shingo imepinda kabla rangi haijakauka. Kosa likionekana saa hiyo haliumi, linafutwa. Wewe unakosea peke yako kibandani, unalimaliza kosa, unalitia kivuli, ndipo unaliweka mbele ya umati. Lazima liume. Siku yako ya mapumziko panda daladala uende, au pita Nafasi Art Space kule Mikocheni, kuna wasanii na studio zao. Chukua kauntabuku, salimia, kaa. Usiwaulize kama una kipaji. Waulize shingo inaungana vipi na bega.

Hata mtandaoni fanya hivyohivyo. Ukiandika "nipeni maoni" umefungua geti, ataingia mbuzi na ng'ombe. Andika: "Najifunza macho, nionyesheni kosa moja." Wa kucheka watacheka tu, ila mwenye jicho atajua mahali pa kuliweka. Usijibu mtu usiku uleule. Anayetukana mzibe, hakuna tuzo ya uvumilivu.

Umeniuliza una kipaji. Kwa mchoro mmoja siwezi kusema, na atakayekwambia anaweza anakudanganya. Ila kuna kitu katika komenti zote 41 hakuna aliyekigusa. Mkono wa bibi, ule ulioshika mtandio chini ya kidevu. Kidole gumba kimebonyeza kitambaa kikafanya kishimo, na mikunjo ya nguo yote inakimbilia pale. Kishimo kile hakuna anayekibahatisha. Uliutazama ule mkono, na ulimtazama kwa mapenzi. Macho ulikisia.

Akaunti usiifute, na mchoro huo usiuchane. Andika tarehe nyuma, uuweke, uchore mwingine. Safari hii usitumie picha ya simu.

Maana barua yako nimeirudia mara tatu nikitafuta jambo moja na sikulipata: bibi mwenyewe kauona? Umenieleza wamesema nini watu 41, kaka, mama na watu wa maonyesho, mwenye uso wake hujanieleza. Nenda ukakae naye kibarazani jioni, mwanga ukiwa unaingia kwa upande mmoja, umwombe akae kimya dakika ishirini kama ataweza. Mwonyeshe ule wa kwanza umsikie atasemaje. Na unisalimie, umwambie kuna mwanamke mjini kampima kichwa kwa rula bila idhini yake.