Fomu yenye alama ya kidole

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama Mswahili anayeishi Marekani na kumiliki bunduki anapaswa kujiunga na vyama vya kutetea haki ya bunduki. Nimelisoma kwenye simu wakati wa mapumziko kazini, nikalisoma tena usiku, hadi mama watoto akaniuliza nina nini. Bunduki ninayo moja. Ni ya kuwindia kulungu, inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na hutoka mara chache kwa mwaka. Kwa hiyo naomba nijibu kama mwindaji, maana mtu wa bunduki mimi siye. Jibu langu ni hapana. Sijajiunga na sitajiunga.

Naishi Erie, Pennsylvania, tangu 2015. Kabla ya hapo tulikuwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, na kabla ya Nyarugusu, Uvira, mashariki mwa Kongo. Waliopita njia hiyo hawahitaji kuelezwa. Bunduki tuliijua kwa mlio kabla hatujaiona, na kila aliyeishika mbele yetu alikuwa anatuamuru kitu. Tulivuka Ziwa Tanganyika 1996 nikiwa kijana, kisha miaka kumi na tisa kambini, mahali ambapo kwenda mbali kidogo kutafuta kuni kungeweza kukuletea kesi. Leo mtu akiniambia kwamba bunduki ndiyo uhuru, mwili wangu unakataa kabla akili haijafika.

Sasa niliingiaje kwenye uwindaji? Kwa sahani. Mwaka wetu wa pili hapa, jirani yetu, mzee mstaafu wa kiwandani, alituletea mguu wa kulungu uliofungwa kwenye karatasi nyeupe ya bucha. (Nasema kulungu kwa kuwa ndivyo tunavyomwita huku, ingawa si yule wa kwetu. Huyu upande wa chini wa mkia ni mweupe, akishtuka anauinua kama kitambaa, na dume huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine.) Mama watoto aliipika nyama ile kwa nyanya na ndizi mbichi, na kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, nikampelekea. Mzee alikula amesimama jikoni kwake. Alipomaliza akaniuliza kama ningependa kujua ilikotoka.

Alinipeleka kwanza kwenye mafunzo. Hapa Pennsylvania huuziwi leseni yako ya kwanza ya uwindaji mpaka upite mafunzo ya usalama, na darasani hulipi kitu. Wanaofundisha ni watu wa kujitolea. Nilikaa na watoto wa miaka kumi na moja, mimi mwenye ndevu, nikijifunza kwamba mdomo wa bunduki hauelekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu. Nilitamani baadhi ya watu niliowaona utotoni wangekaa kwenye darasa lile.

Siku ya ufunguzi wa msimu wa 2018 ndiyo ninayotaka kuisimulia. Wakati huo msimu wa bunduki ulikuwa bado unafunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo ili watoto waende porini na baba zao. (Mwaka uliofuata wakausogeza hadi Jumamosi.) Tulifika msitu wa Allegheny kabla ya alfajiri, tumevaa fulana na kofia za rangi ya chungwa kali kama sheria inavyotaka. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ya baridi ya kuingia mifupani. Mzee akaniketisha chini ya mti, mgongo kwenye shina, yeye akakaa hatua tatu nyuma yangu. Hakuwa na bunduki. Siku hiyo alikuja na thermosi ya kahawa tu.

Kama saa tatu hivi asubuhi kulungu jike akashuka kwenye kijito. Nilikuwa na kibali maalumu cha kuwinda jike. Nikamwangalia kwenye darubini muda mrefu mno, nikasikia mzee nyuma yangu akivuta pumzi polepole ili nimfuate. Nikavuta. Jike akaruka mara moja, miguu ya nyuma juu, akapotea kwenye vichaka ng'ambo ya maji.

Nikasimama kukimbia. Mzee akanishika mkono wa koti. Akaonyesha saa yake, akainua vidole vitatu kisha akakunja kidole gumba na cha shahada kufanya sifuri: dakika thelathini. Nilidhani ametania. Manyunyu yalikuwa yanazidi na damu ilikuwa inaoshwa kule majanini tukiitazama! Lakini alikaa, akamimina kahawa, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mnyama aliyejeruhiwa ukimfukuza, hofu humpa nguvu akaenda kufia mbali, na mvua ikishafuta alama unakuwa umeua bure. Ukimwachia, atalala karibu. Sikuwahi kukaa nusu saa ndefu kama ile. Risasi zilisikika kilima cha mbali, mojamoja, na kila moja ilinirudisha Uvira kisha nikarudi tena pale chini ya mti, kwa sababu mzee alikuwa anakunywa kahawa na mkono wake hautetemeki.

Tukavuka kijito. Tone la kwanza tulilipata upande wa chini wa jani kavu, mahali ambapo mvua haikufika. Mzee akapiga goti, magoti yake yakalia, akanionyesha vipovu vidogo vya rangi ya waridi ndani ya damu. Mapafu, akasema, hakuteseka sana. Akafunga karatasi ya chooni kwenye tawi kuweka alama, tukatafuta tone la pili. Tulikwenda hivyo, jani baada ya jani, karatasi nyeupe zikitufuata nyuma kwa mstari, hadi tukamkuta amelala chini ya mti wa hemloki, hazidi hatua mia kutoka majini. Mzee akavua kofia. Mimi nikafanya ishara ya msalaba, sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe.

Alinifundisha kupasua tumbo bila kutoboa kibofu. Alinionyesha namna ya kukata nyama ya kuzunguka jeraha kwa upana na kuitupa, kwa kuwa risasi ya madini ya risasi humeguka ndani vipande ambavyo jicho halivioni, na nyumbani kuna watoto watakaokula. Mikono yetu wote ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Tulipofika kwenye gari, kabla hajanawa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa fomu ya chama cha wawindaji cha eneo lake. Akatia sahihi kwenye nafasi ya mdhamini, kidole gumba chake kikaacha alama ya damu pembeni ya jina lake, akanipa.

Niliisoma nikiwa nimekaa ndani ya gari. Jina, anwani, namba ya leseni. Halafu namba ya uanachama wa NRA, Chama cha Taifa cha Bunduki cha Marekani. Bila hiyo huingii. Klabu nyingi za huku zina sharti hilo. Mzee akaona nimenyamaza, akasema ni utaratibu tu. Nikamwambia nitafikiria. Hajaniuliza tena mpaka leo, na fomu imo kwenye droo.

Nilichokuwa nafikiria ni Philando Castile. Miaka miwili tu kabla, Minnesota, mtu mweusi mwenye kibali halali alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, akapigwa risasi mbele ya mchumba wake na mtoto. Kama kuna mtu NRA ilipaswa kumlilia kwa sauti, ni yeye, na tamko lao la kwanza halikutaja hata jina lake. Wanachama wao wenyewe walilalamika. Chama hicho kilianzishwa 1871 na maofisa waliochoshwa na askari wasiojua kulenga shabaha, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha watu kulenga. Kisha 1977, kwenye mkutano wa Cincinnati, wanachama wakaupindua uongozi na siasa ikakaa mbele. Februari 2024 baraza la mahakama New York liliona kwamba Wayne LaPierre, aliyekiongoza kwa zaidi ya miaka thelathini, alitumia vibaya fedha za chama, na kwamba arudishe zaidi ya dola milioni 4. Hizo ni ada za wazee kama jirani yangu.

Tena mimi ada nalipa bila kadi. Kwa sheria ya 1937, kila bunduki ya kuwindia na kila boksi la risasi lina kodi ya asilimia 11 ndani ya bei yake, na fedha hizo hurudi majimboni kuhifadhi wanyama na makazi yao. Naongeza na leseni ya jimbo. Na viwanja vya shabaha vya jimbo viko wazi kwa mwenye leseni. Basi chama cha nini?

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini kuisimulia siku ile kumenirudisha kwenye darasa, na nakumbuka waliotufundisha wote walikuwa wamevaa kofia za klabu ile ile ya mzee. Wale watu wawili walioacha Jumamosi yao kunifundisha usalama bila malipo, ada yao na kadi yao ndivyo vilivyowaweka pale. Na Jumapili je? Kwa muda mrefu Pennsylvania ilikataza kuwinda kulungu Jumapili. Mimi nafanya kazi siku sita. Vyama vya wawindaji vilisukuma miaka na miaka, 2019 zikapatikana Jumapili tatu, na 2025 gavana Josh Shapiro akatia saini sheria ya kuliondoa katazo hilo. Asubuhi natoka kanisani, mchana niko msituni. Siku hiyo nimepewa na watu ambao sikuwachangia hata senti.

Ningekuwa mkweli nusu nikisema hakuna chama kingine. Kipo Backcountry Hunters & Anglers, kilichoanza 2004, kinachopigania ardhi ya umma kama msitu huu ninaowinda, na hicho ningekilipia kesho. Kuna pia chama cha Wamarekani weusi wenye bunduki kilichoanzishwa 2015, ambacho mwenzangu kazini amekuwa akinishawishi. Nakiheshimu, ila mazungumzo yao mengi ni ya kujilinda, na mimi najua kulungu tu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye mtu anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu.

Mwanangu ametimiza miaka kumi na miwili. Mwaka huu anapata leseni ya vijana, na lazima awe na mtu mzima pembeni. Magoti ya mzee hayapandi tena kilima. Mtu mzima huyo ni mimi, na nusu ya anayopaswa kufundishwa kijana sijayajua vizuri.

Fomu nimeitoa kwenye droo usiku huu. Alama ya kidole imegeuka kahawia. Nimejaza jina, anwani na namba ya leseni. Nafasi ya NRA nimeiacha wazi, na Jumanne nitaipeleka klabuni hivyo hivyo na kuwaeleza kwa nini, mbele ya mzee. Wakinikubali, vizuri. Wakisema lazima ijazwe, nadhani nitalipa mwaka mmoja, mmoja tu, kwa ajili ya mtoto, halafu nitazungumza kwenye mikutano yao hadi sharti hilo liondoke au wanichoke. Wengine msinifuate kwa hili. Mwenye kuona Castile anamtosha kukataa, hajakosea. Na stika yao sitaibandika kwenye gari.