Muda wangu unazidi kuwa mbaya: nizidishe mazoezi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, nakimbia mita 3000. Mwaka jana nilipata dakika 10:40. Mwaka huu, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ya mkoa, nimepata 11:15 na nimeachwa kwenye timu. Kilomita ya kwanza nilipita kwa 3:20, ya pili 3:50, ya mwisho 4:05. Nimeongeza mbio za jioni, lakini miguu inazidi kuwa mizito. Hata ngazi za bweni zinanikata pumzi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kubaki shuleni wenzako wakipanda basi la timu kunauma. Lia kama kilio kinakuja. Ila mbio za jioni ziache leo.

Ngazi ndizo zilizonishtua. Anayekimbia kilomita tatu kisha ashindwe na ngazi, huyo si mvivu. Mwili wake una jambo. Nenda hospitali na mzazi, upimwe wingi wa damu na pia ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Omba vyote viwili, kwa sababu kipimo cha damu kinaweza kusoma vizuri huku akiba imekauka. Hedhi hupunguza chuma, na mazoezi mengi nayo huchangia. Kama hedhi imekatika, mwambie daktari bila aibu. Wengi hudhani ni dalili ya kuwa fiti, kumbe mara nyingi ni mwili kukosa chakula cha kutosha, na mifupa huanza kudhoofika. Vidonge vya chuma usimeze kabla ya kipimo. Kula dagaa, maharage na mchicha, pamoja na chungwa. Chai isogeze mbali na mlo, angalau saa moja, maana huzuia chuma kisifyonzwe.

Sasa mbio zenyewe. Dakika 10:40 ni kama sekunde 85 kwa mzunguko wa mita 400. Wewe ulianza kwa 80, na mwili ukiwa mgonjwa! Jifunze subira kwa Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania: alimaliza wa 17 Olimpiki ya Paris 2024. Septemba 2025, marathoni ya dunia Tokyo, alivumilia mpaka hatua za mwisho ndipo akampita Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wakaandikiwa 2:09:48, dhahabu ikawa yake.

Daktari akikuruhusu, kimbia siku nne kwa wiki, mwendo wa kupiga soga na mwenzako. Ukipanda ngazi bila kuhema, jaribu 3000 ukianza kwa sekunde 88 kila mzunguko, kisha uniandikie muda wa kila kilomita.