Kazi za seva kwa Agile: anza na ubao, si sprinti

Ukitoka kwenye timu ya programu, usiihamishie Scrum yote kwenye chumba cha seva. Scrum ni mtindo mmoja wa Agile (kufanya kazi kwa hatua ndogo na kurekebisha mpango njiani), na hupanga kazi kwa vipindi vifupi vya urefu uleule, yaani sprinti. Mwandishi wa programu akikosea hufuta akaandika upya. Seva uliyoagiza inaweza kukaa njiani wiki kadhaa, na sprinti ya wiki mbili haitaiharakisha. Tena dharura hazipigi hodi: diski imekufa, cheti cha HTTPS (cha usalama wa tovuti) kimeisha muda, mpango wa Jumatatu umevurugika Jumanne.

Kanban, mtindo wa Agile ambao kila kazi ni kadi inayosogezwa ubaoni, inafaa zaidi. Weka ubao wenye safu tano: Zinasubiri, Zinafanyika, Zimekwama, Zinakaguliwa, Zimeisha. Fundi mmoja asiwe na kadi zaidi ya 2 kwenye Zinafanyika. Kila asubuhi anzeni na Zimekwama. Kwenye kadi iandikwe anasubiriwa nani, na tangu lini.

Ugumu uko kwenye kukata kazi. "Kuhamisha seva 40 kutoka CentOS 7" si kadi, ni mradi (na toleo hilo la mfumo endeshi wa Linux liliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo msizembee). Usikate kwa hatua, wiki hii kusimika zote, wiki ijayo data. Mwezi utaisha hakuna hata moja iliyohama. Peleka seva 1 hadi mwisho, kisha 3, kisha 10. Ile ya kwanza ndiyo itakayofichua kanuni ya fayawoli (kizuizi cha mtandao) iliyofungwa kwa anwani ya IP ya zamani, au kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) ambayo hakuna aliyeiandika popote. Kila marekebisho yaingie kwenye Ansible (zana ya kusanidi seva kwa maandishi) na Git (inayotunza historia ya mabadiliko) papo hapo, si "baadaye".

Siku moja kabla ya kuhama, shusha TTL ya DNS, yaani muda ambao jina la seva na anwani yake ya IP hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, kutoka sekunde 86400 hadi 300. Ukisahau, baadhi ya watumiaji wataendelea kuingia seva ya zamani hadi kesho yake, na data itagawanyika pande mbili. Hapo ndipo usiku huwa mrefu.

Seva kujibu ping (ujumbe wa kupima kama iko hewani) hakutoshi kuipeleka kadi kwenye Zimeisha. Zima huduma makusudi uone kama tahadhari inafika kwenye simu. Rejesha bakapu kwenye mashine nyingine, ufungue faili zenyewe. Kisha zima seva ya zamani, lakini usiifute hadi mwisho wa mwezi upite: kuna ripoti, hasa za mishahara, zinazotolewa mara moja tu kwa mwezi.