Maswali yenu: Gari za Japani, majina yake na bei zake

Mbona Unguja imejaa Toyota Vitz, na Ulaya naona Toyota Yaris tu? Spea zinaingiliana? (Msomaji, Fuoni)

Ni gari moja. Japani iliitwa Vitz mpaka 2020. Ulaya ni Yaris tangu mwanzo. Ila Yaris ya Ulaya ilitoka na injini ya dizeli pia, Vitz haikuwa nayo. Kwa hiyo ukienda kununua spea usitaje jina, taja namba ya chasisi. Fungua boneti usome kibati: SCP10 ina injini ya 1SZ, lita 1.0, NCP10 ina 2NZ, lita 1.3. Ukisema "Vitz ya mwanzo" tu, unaweza kupewa spea ya injini nyengine.

Kwa nini Wajapani huuza rahisi gari ambayo bado nzima?

Ukaguzi wa lazima, wenyewe wanauita *shaken*. Wa kwanza ni gari ikitimiza miaka 3, kisha kila miaka 2, na pamoja nao hulipwa kodi ya uzito, bima na matengenezo. Wengi huuza kabla tarehe haijafika.

Basi ikifika bandari ya Malindi, Unguja, bei inapandia wapi?

Forodha huhesabu gari, bima na nauli ya meli kwa pamoja, yaani CIF. Tuseme ni dola 3,000. Ushuru wa forodha wa 25% ni 750, jumla 3,750. Ushuru wa bidhaa hukatwa juu ya jumla hiyo, halafu VAT juu ya yote. Nauli ikipanda, kodi zote zinapanda nayo.

Redio inashika stesheni chache tu.

FM ya Japani huanzia 76, na redio nyingi huishia 90. Zetu zinafika 108. Funga bendi ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa yetu yaingie kwenye redio ya Japani, kati ya waya wa antena na redio.

Gari mbili, mwaka mmoja, moja imepungua dola 600. Niichukue? (Msomaji, Wete)

Usilipe kabla hujaiona karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari ilipouzwa mnadani Japani. Humo A ni mkwaruzo, U kibonyeo, S kutu, C kutu iliyokwisha kula bati. Alama ya R ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Chunga sana zinazotoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani: barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, juu gari inang'aa, chini imeliwa, na hewa yetu ya bahari itamalizia. Dai picha za uvunguni. Mapaipu ya breki yakiwa yamevimba kutu, iwache.