Biti zako zinafanana na za kila mtu? Toka nje na simu

Mdogo wangu, swali lako limenichekesha kidogo. Uko Bagamoyo, unauliza sauti yako mwenyewe utaipata wapi, huku biti uliyotuma ina logi dramu (ile besi ya kudunda) ileile ya amapiano aliyonayo kila mwenye kompyuta. Hiyo imepikwa Afrika Kusini, na wenyewe wanaipika kukushinda.

Nenda ufukweni asubuhi, mafundi wa majahazi wakikalafati, yaani wakiziba nafasi kati ya mbao. Nyundo ikigonga patasi, ubao unalia tok, halafu tumbo zima la chombo linaitikia kwa chini. Rekodi kwa simu, mgongo ukiupa upepo. Ukiipunguza kasi nusu, sauti inashuka oktavu moja na kuwa ndefu mara mbili. Kata vizuri mwanzo wake, hapo una kiki (lile dundo zito la biti) ambayo haimo kwenye pakiti ya sauti ya mtu yeyote.

Kisha tafuta ilimba ya Kigogo, ala ya vijino vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoipiga mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi hapohapo Bagamoyo na kufariki 2003. Pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, hukosi kijana wa kukupigia dakika tano (mpe ya soda). Ila usiinyooshe sauti yake kwenye kompyuta ifuate kinanda! Vijino vyake vina ngazi yao ya sauti; sinthi (kinanda chako cha umeme) ndiyo iifuate ilimba. Wengi huharibia hapo, wanaosha ladha yote wanabaki na bati.

Kasi isikusumbue. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, taarabu inajivuta, wewe jaribu popote. Na acha kubadilisha programu ya kutengenezea biti kila mwezi, huo ni ugonjwa tu. Tuma tena ukiwa na sauti tano ulizorekodi mwenyewe.